Barazani kwa Mwalimu: Santuri ya Inchi 12

Wajukuu wananiuliza kwa nini sisi wazee hunung'unika muziki unapokatwa harusini. Basi sikilizeni.

Wimbo wa redio ulikuwa wa dakika tatu au nne. Katika miaka ya 1970 Tom Moulton wa New York alianza kuurefusha kwa ajili ya wachezaji, ikazaliwa santuri ya inchi 12. Kwa upana wake mifereji ya sauti iliachana, besi ikatoka kwa kishindo. Mwaka 1983 "Blue Monday" ya New Order ilipita dakika saba. Sisi hatukushangaa: "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985, ni karibu robo saa! Na hapa Washington tulikuta go-go ya Chuck Brown, wimbo huungana na wimbo bila ngoma kunyamaza. Tangu 2020 ndiyo muziki rasmi wa jiji.

Faida yake ni hii. Mwanzo ulikuwa mdundo mtupu. Bibi mwenye magoti mabovu alipata muda wa kuinuka, kujifunga kanga na kufika uwanjani mjukuu angali anacheza. Siku hizi wimbo hukatwa baada ya dakika moja. Bibi akifika umekwisha. Hurudi kitini, na mara ya pili hainuki.

Basi ninyi mnaooza mwaka huu, mwagizeni mpiga muziki aache japo wimbo mmoja ufike mwisho. Wazee wenu hawana harusi nyingi mbele yao. Wasalaam.