Funga mbao za bustani, usipake oili chafu

Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ilituhimiza kulima mboga. Hapa Dodoma mvua ni chache, za Desemba hadi Aprili, lakini huja kwa kishindo. Ubao wa tuta ukilegea, samadi yote huishia korongoni, na watoto hukosa mchicha.

Pigilia vigingi nje ya ubao, kwa sababu udongo ulioloa husukuma kwenda nje. Kila hatua moja weka kigingi cha mti mgumu, nusu yake izame ardhini. Tuta likiwa refu, funga waya katikati, kutoka ubao huu hadi wa pili, uupitishe ndani ya udongo.

Adui mwingine ni mchwa. Wengi huwazuia kwa kupaka oili chafu ya magari. Mimi nalipinga jambo hili. Oili hiyo ina sumu, nayo huingia katika udongo uleule unaolisha mboga zako. Afadhali laza ubao juu ya mawe, ambayo kwetu hayanunuliwi, na kila wiki uvunje njia za udongo wanazojenga mchwa. Ubao ukiliwa hata hivyo, panga mawe matupu.