Watoto wadogo hawana kazi baa: tamko la wazazi kuhusu msimu wa likizo

Sisi wazazi na walezi wa watoto wa chekechea na shule za msingi katika kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi, tuliojiunga pamoja katika chama chetu, tunatoa tamko hili kwa umma tunapoelekea likizo ya Desemba. Tunawaelekea wenye hoteli, wenye baa na mikahawa ya ufuoni, serikali za kaunti zetu tatu, na wazazi wenzetu, wa hapa na wale wanaotoka bara na ng'ambo kuja kupumzika kwetu.

Msimamo wetu ni huu: mtoto mdogo hana nafasi baa, na likizo haimpatii nafasi hiyo. Nafasi yake iko mezani pa chakula pamoja na wazazi wake, hata kama baba ameagiza bia moja ya kuteremshia samaki wa kupaka. Hayo ni mambo mawili tofauti, na biashara ya ufuoni imeyachanganya kiasi kwamba mzazi akiketi hajui tena ameketi mkahawani au baa.

Kabla ya kuendelea tuseme jambo moja ili lisije likatuzuia njiani. Miongoni mwetu wamo Waislamu na Wakristo, wanaokunywa na wasiogusa kabisa. Tamko hili halihubiri. Mtu mzima anayekunywa kwa hela zake na kwa saa zilizoruhusiwa hatuna neno naye. Tunamzungumzia mtoto wa miaka mitatu, minne, mitano, ambaye hakuchagua kuja, hajui kusoma bango la mlangoni, na hawezi kuondoka mwenyewe anapochoka.

Wanaoishi karibu na fuo za Bamburi, Nyali, Shanzu na Diani wanaijua picha tunayoizungumzia. Saa tatu za usiku muziki umepandishwa, meza zimejaa chupa, na kwenye viti viwili vya plastiki vilivyosogezwa uso kwa uso amelala mtoto aliyefunikwa leso. Mwenzake mkubwa kidogo yuko chini ya meza anaokota vizibo. Wa tatu, wa darasa la pili hivi, anatumwa: "Hebu nenda umwambie yule dada aniongezee mbili baridi." Anakwenda mpaka kaunta, anasimama kwa ncha za vidole, anaagiza. Mhudumu anacheka, wateja wanacheka, na mtoto anarudi amejaa furaha kwa sababu amefanya kazi ya wakubwa. Hapo hakuna aliyemdhuru kwa makusudi. Lakini amefundishwa somo ambalo hatukumpeleka shule yoyote kulisoma, na walimu wake ni watu anaowapenda kuliko wote duniani.

Sheria ipo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wengi wanaiita Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, inamkataza mwenye leseni kumruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inapotengenezwa, inapowekwa au inaponywewa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 150,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo iliipa baa ya kawaida saa zake: kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Ikakataza pia kufungua baa ndani ya mita 300 kutoka shule za watoto. Juu yake iko Katiba ya 2010, ambayo Kifungu chake cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kutangulizwa katika kila jambo linalomhusu.

Kwa nini basi mtoto yuko kaunta? Tumelijadili swali hili sana, na jibu letu halitawafurahisha wote. Sehemu ya lawama ni ya sheria yenyewe. Imeandikwa kwa upana kiasi kwamba, ukiisoma neno kwa neno, hata meza ya chakula cha mchana hotelini, ambapo mama ana glasi ya mvinyo na mwanawe ana juisi ya ukwaju, inaweza kuhesabiwa kuwa kosa. Hakuna askari atakayemkamata meneja kwa meza ile, na sisi hatutaki amkamate. Ila askari akishazoea kuifumbia macho meza ya mchana, anaifumbia macho na meza ya usiku wa manane. Sheria inayokataza kila kitu imeishia kutozuia chochote.

Mwezi wa Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya kitaifa ya kupambana na vileo na dawa za kulevya, na ndani yake limo pendekezo la kupandisha umri wa kuruhusiwa pombe kutoka miaka 18 hadi 21. Mjadala ukawaka nchi nzima: kijana wa miaka 20 ana haki gani, ana kura, ana kitambulisho, na kadhalika. Abishane anayetaka kubishana. Sisi tunashangaa kwamba taifa linapima miaka 18 na 21 ilhali wa miaka mitano yuko pale anapeleka oda.

Sehemu kubwa ya lawama, hata hivyo, tunaiweka kwa wafanyabiashara. Tangu treni mpya ya abiria ianze safari kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, familia ambazo zamani zingesita kusafiri usiku kucha kwa basi pamoja na watoto zinakuja kwa wingi. Wenye baa waliona. Wakaweka bembea, puto kubwa la kurukia, kijana wa kuchora watoto nyuso, na pengine ngamia wa kupanda, vyote hatua chache kutoka kwenye meza za bia. Mabango yakaandikwa kwamba hapa ni mahali pa familia. Tusidanganyane: kile kiwanja hakikuwekwa kwa ajili ya mtoto. Kimewekwa ili mzazi asiwe na sababu ya kuondoka. Mtoto akiwa anaruka, baba anaongeza raundi. Ndiyo maana kiwanja hicho mara nyingi hakina uzio wala kivuli, wala mtu mmoja aliyeajiriwa kuwaangalia watoto, lakini kaunta ina wahudumu wanne.

Sauti ya muziki nayo haipewi uzito wake. Shirika la Afya Duniani linashauri masikio ya mtoto yasipokee zaidi ya desibeli 75 kwa saa 40 za wiki nzima, na kila desibeli zinapopanda muda salama unapungua kwa kasi. Meza ya familia huwekwa mbele kabisa, karibu na dijei, kwa sababu ndipo penye nafasi mapema jioni. Mtu mzima akiona kelele imemzidi anahama. Mtoto anaanza kulia, na anaambiwa amekuwa mtukutu.

Tunakuja kwenye jambo linalotutia hofu kuliko yote, nalo ni maji. Hoteli nyingi zimejenga kaunta ya vinywaji ndani ya bwawa la kuogelea lenyewe: mnywaji anakaa kwenye kigoda kilichozama, glasi mkononi, na watoto wenye maboya ya mikononi wanaelea pembeni yake. Kuzama majini ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 14 duniani. Na mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Mara nyingi anatoweka kimya, kwa dakika chache tu, katikati ya watu. Palipo na watu wazima kumi waliokunywa, kila mmoja anadhani mwingine anaangalia. Bwawa lenye kaunta ya pombe ndani yake haliwezi kuwa bwawa la watoto, na hatuoni namna ya kulifanya liwe. Ama kaunta ifungwe saa za watoto, ama watoto wajengewe bwawa lao lenye mlinzi wa kuokoa anayelipwa mshahara.

Tunajua yatakayosemwa kutupinga, maana yalisemwa kwanza na wanachama wetu wenyewe. Mama mmoja alituuliza: nimeshinda mwaka mzima nafanya kazi, sina mume wala yaya wa kusafiri naye, nikitaka kuketi na wenzangu jioni nimwache mwanangu wapi? Nimfungie chumbani? Hapana, asimfungie. Mtoto aliyeachwa peke yake katika chumba cha hoteli, penye roshani na birika la umeme, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya yule aliyelala kwenye viti. Ndiyo sababu hatukukubali pendekezo la baadhi yetu kwamba watoto wafungiwe nje ya kila mahali panapouzwa kinywaji kikali. Lingewaadhibu akina mama kama huyu, na lingewaacha wenye hoteli wakae kitako bila kufanya lolote. Tulichokubaliana, baada ya mabishano marefu, ni mpaka wa saa na mahali: chakula cha familia kipewe ukumbi wake, uliotengwa na kaunta, na ikifika saa moja na nusu za usiku upande wa baa usiwe na mtoto mdogo hata mmoja.

Wengine wanasema wageni kutoka Ulaya wamezoea, na tukikaza watahamia kwingine. Ni kweli kwamba Uingereza familia huenda kula baa Jumapili mchana, watoto wakiwemo. Lakini hata huko kuna sheria ya leseni ya mwaka 2003, ambayo chini yake mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa peke yake, bila mtu mzima, mahali ambapo kazi yake kuu ni kuuza pombe ya kunywewa papo hapo. Na kumpa pombe mtoto wa chini ya miaka mitano, hata nyumbani, ni kosa tangu mwaka 1933, isipokuwa kwa amri ya daktari au dharura. Mgeni aliyezoea utaratibu kwao hatashangaa akiukuta kwetu. Anayeshangaa ni meneja.

Kuna dhuluma nyingine ambayo lazima itajwe. Chifu akisikia mtoto ameonekana katika mangwe, yaani kilabu cha mnazi, kule Kaloleni au Rabai, msako unafanyika, mitungi inamwagwa, mama muuzaji analala ndani. Mtoto huyo huyo akiwa amevaa miwani ya jua na yuko kando ya kaunta ya hoteli yenye nyota, hakuna anayeuliza. Hatutetei mtoto kuwa mangwe. Tunasema sheria ni moja, na mwenye hoteli ana uwezo mkubwa zaidi wa kuifuata kuliko mgema.

Kwa hiyo tunawataka wenye hoteli na baa za ufuoni waondoe viwanja vya michezo kwenye maeneo ya kunywea kabla ya msimu kuanza, au waache kuuza pombe hapo. Wamwajiri mtu wa kuwatunza watoto jioni, mwenye mafunzo na aliyechunguzwa, na gharama yake iwe ndani ya bei ya chumba. Wahudumu waelekezwe wasipokee oda ya pombe kutoka kwa mtoto, hata akiwa ametumwa na babake anayeonekana pale mezani. Hili la mwisho halina gharama yoyote na linaweza kuanza kesho.

Serikali za kaunti ndizo zinazotoa leseni za vileo tangu ugatuzi, na leseni hudumu miezi 12 tu. Tunazitaka ziandike mpaka wa saa na mahali ndani ya masharti ya leseni, kwa maneno ambayo bawabu anaweza kuyaelewa, kisha zitume wakaguzi usiku, siku za Krismasi na Mwaka Mpya, badala ya kuwatuma asubuhi ya Jumanne.

Wazazi wenzetu, kwenu hatuna faini ya kuwatishia. Tunaomba kabla ya kulipa arubuni ya hoteli mpige simu na kuuliza watoto wanakula wapi jioni, muziki unaanza saa ngapi, na nani analinda bwawa. Hoteli isiyo na jibu imekwisha kujibu. Mkiwa hapa, mkubaliane nani hatakunywa usiku huo, ili mmoja wenu awe macho kwa watoto na pia awe wa kushika usukani mkirudi. Povu la bia lisipakwe mdomoni mwa mtoto kwa ajili ya picha. Na mkimkuta mtoto wa mtu mwingine anarandaranda baa bila mwenyewe, namba ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116, haitozwi chochote, na inapokelewa usiku na mchana.

Kwa wakazi wa kaunti zetu: sheria inampa mwananchi yeyote haki ya kupinga ombi la leseni ya vileo. Maombi yatakapotangazwa, wanachama wetu watafika mbele ya kamati ya leseni kutaja, kwa jina la jengo na kwa saa, kila mahali tulipowaona watoto wakati wa likizo. Anayetaka kuungana nasi na aje na picha zisizoonyesha nyuso za watoto, tarehe, na utayari wa kusimama kutoa ushahidi.

Limetolewa kwa niaba ya wanachama na Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina.