Kisangani: Picha ni za hapa, muziki ni wa nani?

Mwaka 1958, mji huu ukiitwa bado Stanleyville, Fred Zinnemann alikuja na Audrey Hepburn kupiga picha za filamu ya The Nun's Story. Muziki wake wa okesta ulitungwa na Franz Waxman, ukateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Kisangani ilitoa mandhari, sauti ikatoka kwingine.

Watunzi wanaojifunza kazi ya filamu wana zoezi lao: kuchukua kipande cha filamu iliyokwisha kutoka, kuzima sauti, kisha kuandika muziki mpya juu ya picha zilezile. Kijana asiye na okesta anaweza kuanza na kompyuta yenye programu ya ala, umeme ukiwepo. Ugumu ni kwamba katika filamu iliyokamilika muziki na maneno vimeunganishwa. Ukifuta fidla, mwigizaji naye anakuwa bubu. Heri kuchagua kipande kisicho na mazungumzo.

Basi kwa nini kisiwe kilichopigwa hapa? Anayeyajua maporomoko ya Wagenia ataandika mto kwa namna yake. Kazi ibaki zoezi tu, kwani kuisambaza bila ruhusa ya wenye filamu kunaweza kuleta kesi.

Wenye kamera tayari tunao. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa mji huu, aliifikisha filamu yake kuhusu wahanga wa Vita vya Siku Sita katika orodha rasmi ya Cannes mwaka 2020. Na mtengenezaji filamu, akikutana na mtunzi asiyejulikana, huomba kwanza kusikia alichowahi kuandika juu ya picha.