Anayejifanya Kilema Ajifunze Kwanza

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya mchezo uliochezwa na chama chetu cha maigizo muhula uliopita. Wengi waliucheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka, na yafaa nieleze kwa nini.

Mchezaji aliyekuwa kibiongo alijifunga mto mgongoni, akajipaka masizi, akawa anachechemea na kudondokwa mate. Basi, hayo ndiyo yote. Hatukuambiwa kibiongo yule ni mtoto wa nani wala anataka nini duniani. Na bwenini mwetu yupo ndugu yetu wa kidato cha pili anayechechemea kweli. Tangu usiku ule anaitwa kwa jina la kibiongo yule, hata wakati wa chakula.

Wako wasemao, "Mchezo ni mchezo tu." Hao nawajibu kwa habari za Lon Chaney, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1883, mchezaji wa sinema zisizo na sauti, ambaye picha zake zilitisha watu kwelikweli. Wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi, hivyo tangu utotoni alizoea kusema nao kwa mikono na uso. Alikuwa na sanduku lake la rangi na nywele za bandia, na kujigeuza alijigeuza mwenyewe. Mwaka 1920, katika The Penalty, alicheza mtu aliyekatwa miguu: miguu yake ilikunjwa ikafungwa nyuma, akatembelea magoti yaliyotiwa ndani ya vikombe vya ngozi, kwa maumivu makubwa. Mwaka 1923 akawa Quasimodo, mpiga kengele mwenye kibiongo katika The Hunchback of Notre Dame. Uso ule unatisha. Lakini anapopigwa mijeledi hadharani na kuomba maji, wewe mtazamaji wataka umpelekee kata mwenyewe.

Msiseme hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Huku kwetu Lindi, Wamakonde wana mapiko. Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, hutiwa nywele za mtu, na mchezaji huuvaa kichwani, akachungulia kwa mdomo wa kinyago, mwili wote umefunikwa nguo. Yako mapiko ya wazee, ya wagonjwa, hata ya Wazungu. Mwendo wa mchezaji hufuata sura aliyoivaa, na hilo halipatikani kwa mazoezi ya siku mbili kama yetu. (Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala na mashine ya sinema, akazipiga picha ngoma za huku. Sijui sisi wenyewe tunangoja nini.)

Sisemi mchezo ufutwe, wala sisemi watu wasicheke. Mapiko nayo huchekesha. Ninaomba kibiongo apewe jina la heshima, apewe maneno yake ya kusema, na mchezaji aache mate. Pia ndugu yetu wa kidato cha pili aulizwe, kwa faragha, kama anapenda mchezo urudiwe.

Tuharakishe, maana nasikia utarudiwa siku ya mahafali mwezi wa Oktoba. Wazazi wote watakuwapo. Mama yake hutoka Kilwa Kivinje kwa basi la alfajiri, naye hupenda kuketi mbele.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne