Bastola Kiunoni, Watoto Ukumbini

Wanajumuiya wote mnajua kilichozua mjadala huu. Katika sherehe yetu iliyopita, mwenzetu mmoja alipoinua mikono kucheza, shati lilipanda na bastola ikaonekana kiunoni. Kwa tunavyojua hakuvunja sheria, hakumtishia mtu, na hatumtaji hapa kwa kuwa jambo lenyewe si lake peke yake. Lakini familia kadhaa zilichukua watoto wao na kuondoka kabla ya chakula, na tangu usiku ule kundi letu la WhatsApp limegawanyika. Upande mmoja unasema haki ni haki. Upande wa pili unataka silaha zipigwe marufuku bila mjadala. Wakati huohuo rasimu ya kifungu kipya cha kanuni zetu, ambacho kingemaliza ubishi, iko palepale kwa sababu mkutano mkuu umeahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi. Watu wanatuma ujumbe wa sauti usiku wa manane, wa kulaumu kamati na kulaumiana, kisha Jumamosi ya mkutano hawaonekani.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaibishania bila kuisoma. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, sheria ya Texas inayojulikana kama HB 1927 inamruhusu mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, ambaye hakuzuiwa na sheria nyingine, kubeba bastola hadharani bila leseni. Ikiwa bastola inaonekana, lazima iwe ndani ya mkoba wake (holster). Ilipoanza ruhusa ya kubeba bastola waziwazi kwa wenye leseni, Januari 2016, sheria ilitaja mkoba wa kiunoni au wa begani. Mwaka 2021 maneno hayo mawili yakaondolewa, ukabaki mkoba tu. Haikuelezwa uwe wa namna gani, ushike bastola kwa nguvu kiasi gani, wala kama ni lazima ufunike kifyatulio. Kwa hiyo anayesema "sheria imeniruhusu" anasema kweli, ila sheria hiyohiyo imenyamaza juu ya karibu kila jambo linaloamua kama watu walio jirani naye watarudi nyumbani salama. Ukimya huo ni sisi wa kuujaza, na tahariri hii inadai kwamba tuujaze kwa maandishi.

Sababu ya kudai hivyo ni hii: bastola iliyotulia ndani ya mkoba mzuri mara chache huwa ndiyo hatari. Hatari huja inapoguswa, inapodondoka, au inapokaa mahali ambapo mkono wa mtu mwingine unafika. Juni 2018, katika baa moja mjini Denver, afisa wa FBI aliyekuwa nje ya kazi alikuwa akicheza, akapiga sarakasi ya kupinduka kinyumenyume, bastola ikachomoka kiunoni na kuanguka sakafuni. Haikulia ilipoanguka. Ililia alipoiokota kwa haraka, risasi ikampata mguuni mteja aliyekuwa karibu. Huyo alikuwa mtu aliyefundishwa silaha na serikali ya Marekani. Desemba 2014, katika duka la Walmart huko Hayden, Idaho, mtoto wa miaka miwili aliyekuwa ameketi kwenye toroli alitia mkono ndani ya mkoba wa mama yake, akaipata bastola na kumuua. Mkoba ule wa kike ulikuwa umetengenezwa makusudi kwa ajili ya kubebea silaha, una sehemu yake maalumu yenye zipu. Akina mama wenzetu wanaotetea kubeba bastola kwenye mkoba wa mkononi, na kuutundika kwenye kiti wakati wa kugawa pilau, walifikirie tukio hilo kwa makini.

Ndiyo maana rasimu inasisitiza mambo ambayo baadhi yenu mmeyaita ya kitoto. Mkoba wa bastola uwe mgumu, ufunike kifyatulio chote, na uikamate bastola hata mwenyewe akiinama, akirukuu au akibeba mtoto. Uvaliwe mwilini, usiwekwe ndani ya koti linalovuliwa wala begi linaloachwa. Bastola ifunikwe na nguo. Na ikishavaliwa nyumbani, isiguswe mpaka nyumbani: haitolewi kuonyeshwa rafiki, haipimwi uzito mezani, haihamishwi kutoka kiuno kimoja kwenda kingine. Chooni ibaki ndani ya mkoba wake, isiwekwe juu ya tangi la maji ambako imewahi kusahauliwa na watu wengi. Maegesho pia yana mtindo wake mbaya, wa mtu kufika ukumbini, kukumbuka kwamba haruhusiwi kuingia na silaha, kisha kuivua na kuitupa chini ya kiti cha gari. Magari ni mojawapo ya mahali ambapo bunduki huibiwa kwa wingi katika nchi hii, na wezi wanajua maegesho ya sherehe yanakaa saa ngapi bila mlinzi. Mtu aamue kabla ya kutoka nyumbani. Ama pombe, sheria yenyewe inakataza kubeba bastola hadharani ukiwa umelewa. Rasimu inakwenda mbele zaidi na kusema aliyebeba asinywe kabisa, na hapo hatuoni cha kujadili.

Wanaotaka marufuku kamili watauliza kwa nini tunajisumbua na adabu za mkoba badala ya kukataza tu. Swali ni la haki, na kwa sherehe zenye watoto tunaunga mkono katazo. Lakini katazo la Texas lina utaratibu wake, na hapa ndipo kamati yetu imelegea. Bango lililobandikwa mlangoni mara ya mwisho, lenye picha ya bastola iliyopigwa mstari na maneno ya Kiswahili, halikuwa na nguvu ya maana mbele ya sheria. Vifungu vya sheria hiyo ni vitatu. Cha 30.05 kinamhusu anayebeba bila leseni, cha 30.06 mwenye leseni aliyeificha, na cha 30.07 mwenye leseni anayeionyesha. Kila kimoja kina maneno yake rasmi, yanayotakiwa kuandikwa kwa Kiingereza na Kihispania, kwa herufi zenye kimo cha inchi moja au zaidi, kwa rangi zinazotofautiana, mahali ambapo umma unayaona waziwazi. Ukumbi una milango mitatu? Mabango yawe kwenye milango yote mitatu, ukiwemo ule wa jikoni ambao kila mtu huutumia. Anayeingia licha ya bango halali anakabiliwa na faini isiyozidi dola 200. Lakini aliyeambiwa ana kwa ana kwamba aondoke na silaha yake, akakataa, kosa linapanda hadi kifungo kisichozidi mwaka mmoja na faini ya hadi dola 4,000. Kwa maana hiyo neno la mdomo kutoka kwa msimamizi wa ukumbi lina uzito mkubwa, na kamati haijateua hata mtu mmoja wa kulisema. Kila mtu anamtazama mwenyekiti, mwenyekiti anamtazama mshereheshaji.

Zaidi ya hayo, mahali tunapokodi pana maana. Ndani ya jengo la shule bastola imekatazwa na sheria ya jimbo, bango liwepo lisiwepo, na ni kosa kubwa la jinai. Vivyo hivyo baa ambayo asilimia 51 au zaidi ya mapato yake ni ya vileo vinavyonyweka hapohapo. Kinyume chake, kwenye mali ya mji, kama bustani tunazokodi kwa nyama choma ya kiangazi, uwezo wa kumkataza mwenye leseni ni finyu na una mgogoro. Mwaka 2024 Mwanasheria Mkuu wa Texas, Ken Paxton, alifungua kesi kupinga Maonyesho ya Jimbo la Texas huko Dallas, yaliyokataza silaha katika Fair Park, ambayo ni mali ya mji, baada ya watu watatu kujeruhiwa kwa risasi katika maonyesho ya mwaka uliotangulia. Mahakama Kuu ya Texas ilikataa kulizuia katazo hilo kabla ya maonyesho kufunguliwa. Jumuiya ndogo kama yetu haina mawakili wa kubishana kiasi hicho. Siku ya bustani, kitakachotulinda ni adabu za mkoba tulizokubaliana wenyewe, na ndiyo sababu rasimu inahitaji sehemu zote mbili, katazo na adabu.

Hoja nzito zaidi ya wanaotetea kubeba silaha ni ya ulinzi. Wanataja kanisa la Sutherland Springs, lililoshambuliwa Novemba 2017, na lile la White Settlement, Desemba 2019, ambako muuaji aliwapiga risasi waumini wawili kisha akauawa ndani ya sekunde chache na mwenzao aliyebeba bastola. Hoja hii hatuipuuzi. Lakini aliyemuua muuaji huyo White Settlement alikuwa mkufunzi wa silaha na mmoja wa timu ya ulinzi ya kanisa iliyojiandaa. Wanaotaka jambo kama hilo kwetu walete pendekezo la timu: majina, mafunzo, na nani anawajibika. Watu kumi na wawili wasiojuana, kila mmoja na bastola yake chini ya kanzu au batiki, si ulinzi. Mmoja akifyatua, wengine watajuaje adui ni yupi, na polisi wakifika watajuaje?

Polisi wakifika, tukumbuke sisi ni nani. Mwaka 2016 huko Minnesota, Philando Castile, Mweusi aliyekuwa na kibali halali, alimwambia afisa kwa upole kwamba ana silaha, akauawa akiwa kwenye kiti chake. Tukumbuke pia hadhi zetu za uhamiaji. Aliye hapa kwa viza ya muda, wakiwemo wanafunzi wetu, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki au kushika bunduki na hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. HB 1927 haikubadilisha hilo. Kijana anayeshika bastola ya kaka yake mkubwa ili apigwe picha anajitengenezea ushahidi. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kumiliki, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, hata kama amekaa miaka mingi na ana nyumba na watoto raia. Na miongoni mwetu wapo ndugu kutoka Kivu waliokimbia watu wenye bunduki; kwao chuma kinachochungulia kiunoni kwenye arusi ni jambo lililowatoa kwao. Hao hawachangii kwenye WhatsApp. Wanaacha tu kuja.

Ndugu, dada, wazee wetu: isomeni rasimu, ni kurasa mbili. Mweka hazina atenge fedha za mabango halali, na kamati iteue wasimamizi wawili wa mlango kabla ya sherehe ijayo. Anayepinga aje apinge ukumbini, kwa sauti yake. Asiyeweza kufika amkabidhi mwenzake kura kwa maandishi, na karatasi hiyo imfikie katibu kabla ya saa 6 mchana siku ya mkutano. Ikichelewa haitahesabiwa kwenye akidi.