Jukwaa la Vijana na Jina la Tembo

Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, hutajwa zaidi kwa heroe wa ziwa lake kuliko kwa waimbaji. Hata hivyo hapo ndipo alipozaliwa, mwaka 1986, Judith Nyambura Mwangi, ambaye wapenda muziki humjua kwa jina la Avril. Aliimba, kisha akaigiza katika Shuga, mchezo wa televisheni ulioanzishwa na MTV mwaka 2009 kuwaonya vijana juu ya Ukimwi, mchezo uleule aliocheza Lupita Nyong'o kabla ya kutwaa tuzo ya Oscar mwaka 2014. Lakini ili sauti ya Nakuru isikike, yabidi kwanza ipande gari kwenda Nairobi.

Na huko Nairobi, kati ya mwaka 2006 na 2013, mlango uliokuwa wazi kuliko yote ulikuwa mashindano ya Tusker Project Fame. Vijana wa Afrika Mashariki waliwekwa nyumba moja, wakafunzwa kuimba huku kamera zikiwatazama. Watazamaji wakapiga kura kwa simu, na aliyepungukiwa akatolewa. Valerie Kimani alishinda mara ya kwanza. Ruth Matete, mwaka 2012, alipata shilingi milioni tano. Wapo waliodhani kwamba nchi yenye watu wengi ingeshinda daima, lakini Alpha Rwirangira wa Rwanda alishinda mwaka 2009, na Hope Irakoze wa Burundi mwaka 2013. Hayo hatuyabezi hata kidogo.

Ila jina ni la bia. Chupa yake ina picha ya ndovu, ambaye wenzetu wa bara humwita tembo. Sisi wa pwani tembo ni kileo kigemwacho mnazini, na kwa mara hii naona lahaja zote mbili zimesema kweli.

Hebu tumfikirie binti wa Bondeni, mtaa wa Nakuru wenye Waislamu wa tangu zamani, ambaye sauti yake ameinoa kwa kasida za Maulidi. Anamwambia babake ataka kushindana. Mzee hana ugomvi na sauti. Ndiye aliyeisikia kwanza, akatabasamu. Anachokataa ni mwanawe kusimama chini ya bango la kileo. Je, tumwite mkaidi? Sisi hatumwiti hivyo, wala hatumwiti binti mpotevu. Na wazazi wa African Inland Church, walioenea Bonde la Ufa, nao hawapendi pombe, basi shauri hili si letu peke yetu.

Mtu aweza kutujibu kwamba Siti binti Saad naye alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya wageni, na nembo ya kampuni ikawa juu ya santuri. Ni kweli. Lakini wale walikuwa wakiuza sauti yake. Hawa wa leo huitumia sauti kuuza kinywaji, na hapo pana tofauti kubwa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma na sinema. Na katika kifungu hichohicho imezikabidhi leseni za vileo. Leseni za baa twaziona zikitolewa kila mwaka bila kuchelewa. Jukwaa je? Nakuru haikosi ukumbi, kwani Players Theatre ipo. Kaunti ikiitisha humo mashindano ya kuimba na kuigiza kwa jina la jiji lenyewe, yule mzee wa Bondeni atamsindikiza mwanawe mwenyewe, na pengine atafika mapema ili apate kiti cha mbele.