Gari la Kulala Safarini, na Dhahabu ya Mama



Wiki hii twajibu barua ya mama mmoja wa Kilifi, mwenye watoto wanne. Mumewe amenuia kununua gari la aina ya van linalovuta kwa magurudumu yote manne, alitie vitanda, jiko na tangi la maji, ili likizo za shule ziwe za kutembea: kuingia Tsavo, kuwazuru jamaa wa Mto Tana, kufika Mokowe na kuvuka kwenda Lamu. Mama huyu hakatai safari. Auliza mambo mawili: ni gari gani lifaalo, na je, yampasa kutoa dhahabu ya mahari yake ili bei itimie?

Twaanza na gari, kwani wengi hulidhania jambo dogo. Katika hadithi mashuhuri, Mtume (s.a.w.) amekihesabu kipando kizuri pamoja na mke mwema, jirani mwema na nyumba yenye wasaa katika mambo yamfurahishayo mja. Basi kukichagua kwa makini si anasa.

Sisi wenyewe tuliwahi kuchagua bila makini. Miaka mingi iliyopita tulinunua van kuukuu iliyoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kuwa ni ya magurudumu manne. Tuliyapenda maandishi yale na rangi yake, tukalipa. Msimu wa masika ikaja habari kwamba dada yake mama yetu yu mgonjwa sana kule upande wa Kipini. Tukampakia mama na watoto, tukatoka Mombasa alfajiri. Tulipoiacha barabara kuu tukaingia kwenye udongo mweusi uliolowa, na gari likazama. Magurudumu ya nyuma yalizunguka mahali pamoja, ya mbele hayakutikisika. Tulilala pale. Mama aliswali amekaa, hakusema neno. Asubuhi tulivutwa kwa trekta, na fundi wa kwanza aliyelala chini ya gari akatuonyesha: shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya mbele iling'olewa zamani, huenda kwa kutaka kupunguza mafuta. Tulifika baada ya adhuhuri. Khalati alikuwa amezikwa asubuhi ile.

Hatusemi kwamba gari zima lingeyabadili aliyoyakadiria Mwenyezi Mungu. Twasema kwamba tuliacha sababu zilizokuwa mikononi mwetu. Kwa hiyo shauri la kwanza: usiyaamini maandishi. Lipandishwe gari juu ya shimo la gereji, fundi asiyekuwa wa muuzaji aitazame shafti ya mbele, difu zote mbili na kutu ya chasisi, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu hula chuma kimyakimya. Kisha lijaribiwe kwenye mchanga kabla ya kulipa hata shilingi.

Sasa aina zenyewe. Iliyo karibu nasi ni Toyota HiAce, ile ile ya matatu. Matatu nyingi huvuta kwa magurudumu ya nyuma tu, lakini Japani hutengenezwa pia HiAce ya magurudumu manne. Faida yake ni kubwa: vipuri vyapatikana kila mji, kila fundi aijua, na nafasi ya nyuma yatosha kitanda na makabati. Lakini ifahamike kwamba iliundwa zaidi kwa barabara za theluji. Hupeleka nguvu mbele yenyewe, bila dereva kushika kitu, wala haina gia ya pili ya nguvu ya kupandia mawe au kujitoa kwenye tope zito. Yafaa murram na mchanga wa kiasi, haifai kushindana na udongo mweusi wa masika.

Ya pili ni Mitsubishi Delica. Zile za miaka ya 1990, zilizo nyingi za dizeli, zilichukua mengi kutoka kwa Pajero: zina mkono wa kuchagua magurudumu mawili au manne, na gia ya chini ya nguvu. Kwa njia mbaya hizo huishinda HiAce. Ila sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8, hivyo zilizopo ni zile zilizoingia zamani, na umri wake ni mzigo wa mnunuzi. Delica mpya zaidi, iitwayo D:5, ilianza 2007. Ni laini na imeinuka vizuri, lakini haina ile gia ya nguvu, na si kila gereji ya mtaani itakayoijua.

Ya tatu si van hasa: Toyota Land Cruiser iliyojengewa bodi ndefu ya watalii. Hiyo ndiyo imara kuliko zote, na bei yake ni imara vile vile. Aliye na watoto wanne wa kusomesha aifikirie mara mbili.

Basi mama aulize nyumbani: twaenda wapi hasa? Barabara kuu kutoka Mombasa kupitia Malindi na Garsen hadi Mokowe ni ya lami. Kama safari tisa katika kumi ni za lami, HiAce ya kawaida yenye matairi mazuri yatosha, na pesa zilizobaki zitiwe kwenye elimu. Kama kweli wataingia vijiji vya Tana na njia za Tsavo, shauri letu ni HiAce ya magurudumu manne, pamoja na koleo, kamba imara ya kuvutia, na subira ya kungoja njia ikauke. Subira hiyo ndiyo iliyotupungukia sisi.

Ama matengenezo ya ndani, wanawake ndio waulizwe kwanza, maana wao ndio watakaoishi humo. Pazia nzito kila dirisha. Turubai la kufungua ubavuni ili wapike kwa stara. Hema dogo la haja na kuoga. Vitanda viwe vya plaiwudi, si vya mbao nzito, kwani kila kilo hulemaza springi. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi la lita 100 ni kama kumbeba mtu mzima mnene wa ziada. Wala hapana haja ya tangi kubwa kwa sababu ya udhu. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, kiasi cha theluthi mbili za lita. Watu sita kwa sala tano ni lita 20 kwa siku, na msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala. Tuliozoea kufungulia mfereji ndio tuonao maji hayatoshi.

Mawili tuyasisitize kwa sababu yanaua. La kwanza, jiko la makaa lisiingizwe kabisa ndani ya gari la kulala, hata likionekana limefifia. Moshi wake wenye sumu hauonekani wala haunuki, na jamaa nzima huweza kulala wasiamke. Mtungi wa gesi nao ukae penye hewa, na kupika kuwe nje. La pili, kitanda si kiti. Gari likienda, kila mtoto akae kitini na mkanda wake.

Kabla ya kulipa, muhakikishe mwenye gari katika kumbukumbu za NTSA, na baada ya kubadili bodi lipelekwe kukaguliwa. Usiku msilale popote tu. Ndani ya mbuga kuna viwanja vya kambi vya KWS, na njiani ni salama zaidi kulala uani kwa jamaa.

Limebaki swali la dhahabu. Dada yetu, mahari ni mali yako. Qur'ani imewaamuru waume kuwapa wake mahari yao, na ikahalalisha kwa mume kile tu ambacho mke amekitoa kwa ridhaa ya nafsi yake. Basi huna wajibu wa kutoa, na kukataa kwako si utovu wa adabu wala uasi. Ukipenda kusaidia, toa kwa moyo mkunjufu. Ukipenda kukopesha, liandikwe deni na mashahidi wawepo, kama tulivyoamrishwa, na asione mume haya kwa hilo. Wala lisiwe jibu kwenda kukopa kwa riba, kwani safari iliyoanza kwa riba haina baraka.

Nawe baba wa nyumba, twakuomba hivi: kodi kwanza gari la namna hiyo kwa siku tatu, uwachukue wote, uone kama watoto walala na mama apumzika. Ukiona kheri, nunua polepole kwa uwezo wako. Dhahabu ya mkeo ndiyo akiba yake siku usipokuwepo.

Na mwenye mzee mgonjwa ng'ambo ya mto asingoje gari zuri. Apande basi leo, afike mapema. Sisi twajua kilichotupita.

Wabillahi tawfiq.